Mwalimu wa Vitufe

Mtu aliyenifundisha kuandika programu za kompyuta alikuwa hawezi kungoja. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu somo lake lote, kwa miaka yote aliyolifundisha pale chuoni kwetu Dodoma, lilikuwa juu ya kungoja. Alifundisha jinsi programu yenye dirisha na vitufe inavyotakiwa kukaa kimya, imsubiri mtu aliye mbele yake aguse kitu, ndipo nayo ifanye kazi. Hilo alilifundisha vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Kisha saa saba inafika, anakwenda kwa mama lishe nyuma ya karakana, anakuta watu wanne mbele yake, anageuka na kurudi ofisini kushinda na njaa.

Hatukumwita kwa jina. Wanafunzi walimwita Mwalimu wa Vitufe. Wenzake walimwita Mwalimu tu, ingawa wao walipenda kuitwa daktari, hata wale ambao udaktari wao ulikuwa bado unaandikwa. Yeye hakujali. Alichokuwa hakivumilii ni mtu kusema kwamba somo lake ni jepesi, kwamba kuweka kitufe kwenye dirisha ni kazi ya kuburuta kwa mausi na kuachia. Ukisema hivyo mbele yake umejitafutia saa nzima ya maelezo.

Kipindi chake cha kwanza tulikuwa tunakisikia kwa wanafunzi wa mwaka wa mbele kabla hatujakiona. Aliingia na sweta lake la kijivu, ilikuwa mwezi wa saba na upepo wa Dodoma unajua kupenya madirisha, akachora ubaoni mstatili mkubwa, ndani yake mstatili mdogo, na ndani ya ule mdogo akaandika BOFYA. Akauliza: nikikibofya hiki, kitatokea nini? Mmoja wetu akasema programu itafunguka. Mwingine, aliyekuwa amesoma mbele kidogo na akataka ijulikane, akasema taarifa zitakwenda kwenye hifadhidata. Mwalimu akasogea ubaoni akabonyeza kile kistatili kwa kidole. Akabonyeza tena. Akabonyeza mara ya tatu, vumbi la chaki likamwangukia mkononi.

“Hakuna kilichotokea,” akasema. “Hakuna aliyeambiwa asikilize.”

Ndipo akatueleza. Kompyuta inajua kwamba kitufe kimebonyezwa, na hutoa ishara. Ishara hiyo yeye aliiita tukio. Lakini tukio linapita hivihivi, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu, mpaka mwandishi wa programu awe ameweka msikilizaji, yaani mistari michache inayosema kitufe hiki kikiguswa, fanya kadha wa kadha. Tukio na msikilizaji: hayo ndiyo maneno mawili aliyotaka tutoke nayo. Alikataa katakata kuyataja kwa Kiingereza darasani, na mitihani yote ilikuwa kwa Kiingereza, kwa hiyo tulielewa kwa lugha moja na kujibu kwa nyingine. Alipoulizwa kwa nini anatutesa, alisema anataka siku moja tuweze kumweleza mama mzazi kazi tunayofanya.

Siku ya pili alitufanyia mchezo. Alimsimamisha msichana mmoja awe kitufe, mwingine awe mtumiaji, na kijana mmoja mnene wa Chang'ombe awe msikilizaji. Kila mara mtumiaji akimgusa kitufe bega, kitufe aseme “nimebonyezwa,” na msikilizaji akisikia atoke nje, azunguke jengo lote, ahesabu madirisha, arudi atoe jibu. Msikilizaji akatoka. Alipokawia, Mwalimu akamwambia mtumiaji, jibu hulioni, utafanya nini? Mtumiaji akamgusa kitufe tena. Na tena. Yule kijana aliporudi akihema na hesabu yake, akakuta jumbe nyingine tano zinamngoja, na kwa kuwa kazi ya msikilizaji ni kutii, ilibidi aende tena, mara tano. Tulicheka mpaka darasa la jirani likagonga ukuta. Mwalimu hakumhurumia, alimwacha azunguke zote, kisha akatuandikia ubaoni kwamba kazi ndefu haifanywi na yule anayepokea wageni mlangoni, na kwamba kitufe kikishabonyezwa mara moja kizimwe, mpaka kazi iishe. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Niliinakili ile sentensi kwenye daftari kwa wino mwekundu.

Hesabu ya yule kijana ilitoka madirisha thelathini na manne, mara zote sita. Mwalimu alikuwa ametangaza mwanzoni kwamba jengo lina madirisha thelathini na mawili. Hakurudi nyuma. Alisema mawili ni matundu ya hewa. Tulitoka nje darasa zima kuyaangalia, yalikuwa na vioo na pazia, na akasema tena, akiwa amesimama chini yake, kwamba yale ni matundu ya hewa. Ndivyo alivyokuwa. Katika mambo madogo sikuwahi kumsikia akikubali kwamba amekosea. Njia ya kwenda Miyuji, tahajia ya neno, siku ya wiki. Kwa kila moja angeweza kubishana mpaka mwenzake achoke na kumwachia, na yeye aliuhesabu uchovu huo kuwa ushindi.

Lakini ubishi wake mwingine ulikuwa na maana, na tuliuona tulipoanza kazi. Tulitumia kipindi kizima kubishania kama kitufe kiandikwe HIFADHI au TUNZA. Kipindi kingine tulitumia kwa swali la umbali: kitufe cha kufuta kiwe mbali kiasi gani na kitufe cha kuhifadhi? Mwanafunzi mmoja aliviweka pamoja, bega kwa bega, kwa sababu vilipendeza. Mwalimu akamuuliza kama nyumbani kwao chumvi na sumu ya panya hukaa rafu moja. Akamwambia mtumiaji amechoka, ana usingizi, mtoto wake anaumwa, na anamfikiria mtoto, hakufikirii wewe na dirisha lako. Mwandishi wa programu, alisema, lazima aandike kwa ajili ya mkono ambao akili yake iko kwingine.

Na mkono huo alituletea. Kwa mtihani wa vitendo, wahadhiri wengine walikuja na karatasi za kusahihishia. Yeye alikuja na mama wa chai. Alikuwa mama wa makamo aliyepika chai na chapati kwenye chumba cha walimu, mzaliwa wa vijiji vya Ugogoni, msomaji mzuri wa Biblia yake, lakini kompyuta alizijua kama vitu vinavyofunikwa kitambaa dhidi ya vumbi. Mwalimu alimkalisha mbele ya programu ya kila mwanafunzi, akampa kikaratasi chenye kazi moja, kwa mfano asajili mtu anayeitwa fulani, kisha akasimama nyuma yake na kumkataza mwenye programu kusema hata neno. Tulisimama pale tukitokwa jasho, tukimwangalia mama akipeleka mausi polepole kama anayepiga pasi, akibonyeza picha isiyo kitufe, akingoja. Kati ya programu ishirini za mwaka wetu, mama aliweza nne.

Tulilalamika kwa mkuu wa idara kwamba tunasahihishwa na mpika chai. Mkuu akamwandikia barua Mwalimu, na Mwalimu akajibu kwa mstari mmoja: mama hasahihishi, anatumia, wanaofeli wamefelishwa na programu zao. Muhula uliofuata chapati za yule mama zilinunuliwa kwa bidii isiyo ya kawaida. Alizidi kutabasamu, na alizidi kushindwa kutumia programu zetu, nadhani kwa moyo mweupe kabisa.

Ungedhani mtu wa namna hiyo nyumbani kwake ukigusa tu mlango unafunguliwa. Kwake Miyuji kulikuwa na geti la bati la bluu lenye kengele ya umeme aliyoifunga mwenyewe, na kengele ile haikulia. Swichi yake aliileta darasani mwaka mmoja ili tuone tukio linavyoanzia kwenye kitu cha kushikika, na hakuirudisha. Aliyejua alirusha kokoto juu ya bati. Asiyejua alisimama juani akibonyeza tundu. Simu yake nayo ilikuwa vilevile: iliita kwenye droo ya meza, na yeye aliiangalia droo kwa huzuni kidogo na kuendelea na alichokuwa akifanya. Mkewe alizoea kumwagiza mambo kwa kuandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye skrini yake.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nimwandike.

Nilipokuwa mwaka wa mwisho, chuo kilipewa kazi ya kutengeneza programu ya stoo ya dawa kwa ajili ya kituo kimoja cha afya upande wa Chemba. Ikifanya vizuri ingepelekwa kwenye vituo vingine. Mwalimu alikuwa msimamizi, nasi wanafunzi wachache tuligawana sehemu. Mimi nilipewa dirisha la kuagiza dawa: karani anaandika aina na idadi, anabonyeza TUMA, oda inakwenda wilayani kwa mtandao. Niliandika haraka, kwa sababu nilikuwa na mitihani na kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kujiona mtaalamu. Nilijaribu pale chuoni, ambako mtandao ulikuwa wa waya na wa kasi. Nilibonyeza TUMA, na kabla kidole hakijainuka jibu lilikuwa limefika. Mwalimu akapitia karatasi zetu zote, akatia saini. Kitu pekee alichokosoa kwangu ni rangi. Vitufe vyangu vilikuwa vya chungwa, na akasema vinapiga kelele.

Kule kituoni mtandao ulikuwa wa kifaa kidogo kilichochomekwa ubavuni mwa kompyuta, unaokuja na kupotea. Karani wa stoo alikuwa mama mmoja wa palepale, mwenyeji wa lugha ya kule yenye vidoko, zile sauti za kupiga ulimi kaakaani, aliyekuwa ametunza daftari la dawa kwa miaka mingi bila kasoro. Tulipokwenda kumfundisha programu, Mwalimu alijaribu kumsalimia kwa lugha yake, ulimi ukamgoma, na yule mama akacheka akamwambia Kiswahili kinatosha. Alijifunza kwa siku mbili. Alikuwa na swali moja tu: atajuaje kwamba mashine imemsikia? Nilimjibu mimi. Nilimwambia ataona.

Miezi miwili baadaye dawa ya kikohozi ya watoto na glavu zilianza kufika kituoni, zikafika tena, na tena. Oda moja ilikuwa imeingia mara saba. Stoo ilijaa hadi kwenye korido, na vituo viwili vya jirani vikakosa kabisa. Wilayani wakaona jambo la wazi: karani ameagiza kupita kiasi ili ziada iishie kwenye maduka. Wakamsimamisha kazi wakati uchunguzi ukiendelea. Alipoulizwa kama ni kweli alibonyeza mara saba, alijibu kweli. Waliandika jibu lake kwenye ripoti kama ushahidi dhidi yake: “Nilibonyeza mpaka ikanisikia.”

Barua ikaja chuoni. Ilimwomba Mwalimu afike kwenye kikao, kama mtaalamu, ili athibitishe kwamba programu haina tatizo. Ilikuwa barua ya heshima sana. Jibu lilikuwa limeshaandikwa ndani yake, ilibaki yeye kulisema. Mwalimu akaniambia twende wote, nibebe karatasi zenye mistari ya programu.

Tulifika asubuhi. Kikao kilikuwa saa nane, na wenyeji walikuwa wametuandalia chai. Mwalimu hakunywa. Aliomba karani aitwe. Mtu akasema amesimamishwa, haruhusiwi kugusa mashine. Mwalimu akabishana naye kwa namna tuliyoizoea, na yule mtu akachoka mapema. Karani akaja, amejifunga kitenge kipya kama mtu anayekwenda msibani. Mwalimu akamwomba aagize dawa kama alivyofanya siku ile. Akavuta kiti akakaa pembeni yake, mikono juu ya magoti.

Mama akaandika aina na idadi. Akabonyeza TUMA. Dirisha likabaki vilevile, kimya, na kile kitufe changu cha chungwa kikang'aa kama hakijaguswa. Tukangoja. Kifaa cha mtandao kilikuwa kinawaka taa nyekundu. Mama akamwangalia Mwalimu, Mwalimu akamwambia aendelee kama siku ile. Akabonyeza tena. Nje kuku walikuwa wanaparuza karibu na tangi la maji. Baada ya muda akabonyeza tena. Mwalimu, mtu asiyeweza kukaa nyuma ya watu wanne kwenye foleni ya wali, alikaa pale hajisogezi wala hasemi, sijui ni nusu saa, sijui ni zaidi, akiangalia mkono wa yule mama. Taa ikageuka kijani. Oda zikaondoka moja baada ya nyingine, zote alizobonyeza, kwa utii.

Nilikuwa nimeshajua tangu mbonyezo wa pili. Nilimwona akilini yule kijana mnene akizunguka jengo. Nilikuwa nimempa msikilizaji mmoja kazi ya kupokea wageni na kazi ya safari, na sikukizima kitufe. Kwenye daftari langu bado kulikuwa na ile sentensi nyekundu.

Mwalimu akanyoosha mkono bila kugeuka, nikampa karatasi. Akasoma ukurasa wa dirisha la oda. Akatoa kalamu, akapiga mstari mahali pamoja tu, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni mwa sweta.

Kwenye kikao mwenyekiti alimkaribisha kwa sifa nyingi, kisha akamwomba aeleze kwa kifupi kama programu ilifanya kazi ipasavyo. Mwalimu akasimama.

“Huyu mama hana kosa,” akasema. “Alibisha hodi hakujibiwa, akabisha tena. Kitufe kilitakiwa kumwambia nimesikia, subiri. Hakikumwambia. Mimi ndiye niliyekitengeneza vibaya.”

Mwenyekiti akamuuliza kama anaelewa kwamba maneno yake yanaandikwa. Akasema anaelewa, na akamtajia mwandishi wa kikao tahajia ya neno kitufe, kwa kuwa alimwona amekosea. Mwenyekiti akauliza tena, safari hii polepole, kama anayempa nafasi ya kujitoa: hapakuwa na wanafunzi waliohusika?

Nilikuwa nimekaa kiti cha tatu kutoka kwake. Nakumbuka nilikuwa naangalia sahani ya karanga.

“Wanafunzi hawatii saini,” Mwalimu akasema. “Mimi ndiye niliyetia.”

Sikusimama. Nimejaribu kwa miaka kujieleza kwamba sikupata nafasi, lakini kikao kiliendelea saa nzima baada ya hapo, na nafasi zilikuwa nyingi. Kulikuwa na hata muda wa “mengineyo.”

Njiani kurudi Mwalimu hakugusia habari za kikao. Alibishana na dereva kuhusu wapi pa kukatia kuingia mjini. Tulipofika kwenye geti la chuo akaitoa ile karatasi, akanipa, akasema nirekebishe kabla ya Jumatatu. Nilirekebisha. Kitufe kikawa kinazimika kikiguswa, na dirisha likaandika: Oda yako inatumwa, tafadhali subiri. Alinipa alama nzuri, akakata tatu za rangi ya chungwa.

Yaliyofuata yalitokea polepole, kama mambo ya ofisi yanavyotokea. Vituo vingine havikupewa programu yetu. Nafasi ya ukuu wa idara ilipokuwa wazi, ambayo kila mtu alijua ni yake, ilikwenda kwa mwenzake mdogo ambaye hajawahi kukosea kwa sababu hajawahi kutengeneza kitu. Mwalimu akapangiwa vipindi vya mwaka wa kwanza tu. Alivifundisha kwa bidii ileile, na mama wa chai aliendelea kufelisha watu. Mimi nilihitimu, nikapata kazi kwenye ofisi moja huku mji wa serikali unakokua. Kwenye usaili waliniuliza kama nimewahi kushiriki mradi wa kweli. Niliwaeleza habari za stoo ya dawa, nusu yake.

Sikumtembelea. Nilikuwa naishi Nzuguni, si mbali hivyo, na kila mwaka nilijiambia nitakwenda mwaka huu. Nilijua hata mahali pa kuokota kokoto.

Mwaka jana nilimpeleka mama yangu kliniki ya macho. Ilikuwa asubuhi ya baridi, benchi limejaa wazee. Mwishoni kabisa alikaa mtu mwenye sweta, jicho moja limefungwa bandeji nyeupe, jingine limefumba kwa sababu ya dawa. Nilimtambua kwa jinsi alivyokuwa akimweleza muuguzi kwamba namba zao za foleni zimepangwa vibaya. Muuguzi alikuwa ameshachoka.

Nilipomwambia shikamoo aliinua uso upande wangu bila kufumbua jicho, akaitikia marahaba. Kisha akasema sauti hiyo anaijua, ni ya mtu wa vitufe vya chungwa.

Nilikaa karibu naye. Mama alikuwa ameitwa ndani, na sikuwa na kisingizio. Nikamwambia yote, kwa sauti ya chini, kwa sababu wazee wa kando walikuwa wameacha kuongea. Nikamwambia kitufe kile nilikiandika mimi, na siku ile ya kikao nilipaswa kusimama, na kwamba cheo chake kilipotea kwa sababu yangu. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi neno hilo mara nyingi mno nikiwa peke yangu, na nilidhani najua atakachosema: kwamba yamepita, au kwamba amenisamehe.

Akakataa. Alisema mimi sina kosa la kuombea radhi, kwamba kosa ni la aliyesoma akapitisha, na kwamba mwanafunzi kukosea ni jambo lililomo kwenye ratiba. Nikamwambia hapana, niliiandika mimi, jina langu lilikuwa juu ya ukurasa. Akasema majina ya juu ya ukurasa ni mapambo. Tukabishana. Tulibishana pale kwenye benchi kama watu wanaogombea shamba, kila mmoja akivutia kosa kwake, mpaka mzee mmoja akauliza ni urithi gani. Mwishowe nikachoka, na najua aliuhesabu uchovu wangu kuwa ushindi.

Kisha akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, “Mimi nilisimamishwa kazi?”

Nikasema hapana.

“Mimi niliandikwa mwizi kwenye ripoti?”

Nikasema hapana.

“Sasa mbona unaniomba radhi mimi? Yule karani anaitwa nani?”

Jina lake sikulijua. Nilikuwa nimekaa na yule mama siku mbili nikimfundisha. Nilikula ugali nyumbani kwake. Nilimwita mama karani, na kwenye kichwa changu, kwa miaka yote niliyojihukumu, alikuwa mama karani tu, mtu aliyekuwepo ili Mwalimu apate kunitetea. Sikuwahi kuuliza kama alirudishwa kazini.

Mwalimu hakungoja jibu. Akatoa simu kwenye mfuko wa suruali, ileile ya vitufe asiyoipokea kamwe, akaninyooshea. Akasema macho yake hayafai leo, nitafute mwenyewe jina la Mwajuma. Namba yake ilikuwa ya kwanza kwenye orodha ya waliopigiwa. Akanieleza kwa kifupi, kama anayetoa taarifa ya hali ya hewa. Yule karani alirudishwa kazini baada ya miezi mitatu. Akapelekwa kufundisha makarani wengine, kwa kuwa hakuna aliyekuwa mwangalifu kama yeye. Tangu mwaka ule, kila darasa la mwaka wa kwanza lilipomaliza programu zao, Mwalimu alimpigia simu ama alimsafirisha aje azijaribu pamoja na mama wa chai. Mwalimu alistaafu, na bado humpigia, kwa sababu ofisi hazichoki kuleta mifumo mipya na yeye Mwajuma hachoki kuilalamikia.

“Piga,” akasema.

Kilikuwa kitufe cha kijani, kimefutika rangi kwa kutumika. Nikakibonyeza. Simu ikaita, ikaita, nikatamani iwe kwenye droo ya meza ya mtu. Ikapokelewa. Upande wa pili kulisikika kuku na mtu anatwanga. Sauti ikasema, “Ee Mwalimu, umeamkaje na jicho?”

Nikasema si Mwalimu. Nikasema shikamoo, na nikataja jina langu, na nikaona halimwambii kitu. Basi nikasema lile ambalo lingemwambia.

“Mimi ndiye niliyeandika kile kitufe kilichokuletea matatizo.”

Niliangalia skrini kuona kama mtandao bado upo. Upo. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

“Marahaba, mwanangu,” akasema Mwajuma. “Kipi? Maana vilikuwa vingi.”